Skani ya Dawa ya Mionzi kwa Mgonjwa Aliyewahi Kupasuliwa: Mwongozo Kamili

Dawa ya mionzi ikishadungwa mshipani hufuata damu, hunaswa na kiungo ambacho kazi yake inaihitaji, kisha hutoka kwa mkojo, kwa nyongo, au kwa njia zote mbili. Kamera ya gama hupiga picha ya safari hiyo tu. Haioni kovu wala haisomi faili, kwa hiyo kila mahali ambapo daktari wa upasuaji ameondoa kiungo, amegeuza njia ya majimaji, ameamsha uponyaji au ameacha chuma, picha itabadilika, na mara nyingi mabadiliko hayo hufanana sana na ugonjwa uleule unaotafutwa.

Mwongozo huu umekusudiwa kwanza kwa wahudumu wa tiba ya nyuklia na kwa madaktari na maafisa tabibu wanaoandika rufaa kutoka Arua, Gulu, Mbale au Mbarara kwenda Kampala, ambako skani hizi hufanyika Mulago. Mgonjwa au ndugu yake anayesindikiza atafaidika pia, hasa kwa hatua ya kwanza. Msimamo wangu ni kwamba historia ya upasuaji ni sehemu ya kipimo chenyewe, na tarehe ya operesheni ina uzito sawa na kiasi cha dawa kilichomo kwenye bomba la sindano. Mtu aliyesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Arua hastahili kuambiwa arudi mwezi ujao kwa sababu hakuna aliyemuuliza alipasuliwa lini.

Nini hasa hubadilika

Kiungo kikiondolewa, fungu lake la dawa halipotei, bali hugawanywa upya. Mtu aliyetolewa figo moja atakuwa na figo nyingine inayochuja karibu dawa yote, na kadiri miezi inavyopita figo hiyo huwa kubwa kuliko kawaida, kwa hiyo kung'aa kwake si kasoro. Wengu ukiondolewa, koloidi ya teknishiamu (chembechembe ndogo sana zilizotiwa teknishiamu, madini yenye mionzi), ambayo sehemu yake ingeishia humo, huelekea kwenye ini na kwenye uboho wa mifupa, na uti wa mgongo unaweza kuonekana waziwazi kuliko inavyotarajiwa.

Njia ikigeuzwa, dawa huipita njia mpya kama maji ya mvua yanavyofuata mtaro mpya uliochimbwa. Aliyeondolewa kibofu na kutengenezewa njia ya mkojo kwa kipande cha utumbo ataonyesha mkojo wenye mionzi upande wa kulia wa tumbo chini, na ukikaa juu ya mfupa wa nyonga unaweza kusomwa kama saratani iliyosambaa.

Uponyaji nao una athari kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Kidonda kinachopona huvuta damu nyingi, chembe nyeupe na sukari, na mfupa unaoungana hujenga mfupa mpya. Dawa ya skani ya mifupa hushikamana na mfupa unaojengwa, na haiwezi kutofautisha kati ya mfupa unaojengwa kwa sababu ya saratani na ule unaojengwa kwa sababu ulitobolewa ili skrubu zipite. Chuma chenyewe hakichukui dawa. Huacha pengo, na pembezoni mwake mfupa huendelea kung'aa kwa muda mrefu.

Kuna pia hali ya mwili mzima siku za baada ya operesheni, ambayo husahaulika kwa sababu haina kovu. Mgonjwa aliyepungukiwa maji husafisha dawa polepole, na picha yake hujaa ukungu wa damu na nyama. Mofini na pethidini, dawa za maumivu makali, hubana mlango wa njia ya nyongo. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huweza kuvuruga kazi ya kuzitia chembe nyekundu za damu teknishiamu. Mambo hayo hayataonekana kwenye picha kama mambo ya dawa; yataonekana kama ugonjwa.

Hatua ya kwanza: ijue operesheni kabla ya kuvuta dawa

Fomu ya rufaa mara nyingi huja na mstari mmoja: skani ya mifupa, saratani ya tezi dume, maumivu ya mgongo. Mhudumu anauliza, "Mzee, uliwahi kufanyiwa upasuaji wowote?" Jibu huja haraka: "Hapana, mwanangu, mimi nilikuwa mzima, ni huu mgongo tu." Mzee huyohuyo akivua shati, kuna kovu refu ubavuni, linaloanzia nyuma chini ya mbavu za mwisho na kupinda kuelekea kitovuni.

"Na hili, mzee?"

"Aa, hilo ni la zamani. Nilimpa mdogo wangu figo. Tulikwenda India."

Hakudanganya. Ameulizwa juu ya ugonjwa uliomleta, na kovu halikuwa sehemu ya ugonjwa huo. Bila swali la pili, ripoti yake ingesema kwamba figo ya kushoto haionekani, na mtu angeanza kutafuta uvimbe unaoziba.

Kwa hiyo usiulize kwa jumla. Uliza kiungo kwa kiungo, kuanzia kichwani kwenda chini: aliwahi kuumia kichwa na kufunguliwa fuvu, aling'olewa jino karibuni, alitolewa goita, titi, wengu baada ya ajali, kifuko cha nyongo, kizazi; aliwekewa vyuma baada ya kuanguka na boda boda; ana mpira wa mkojo, mfuko wa haja au mrija wa kutoa usaha. Kwa mwanamume mwenye saratani ya tezi dume, uliza kwa staha na faraghani kama aliondolewa korodani, kwa sababu wengi hawatalisema mbele ya mtoto wao aliyewasindikiza, na jibu hilo, kama tutakavyoona, laweza kugeuza maana ya skani nzima. Kwa mama aliyetolewa titi, uliza pia kama matezi ya kwapa yaliondolewa.

Kisha angalia kwa macho. Mgonjwa avae gauni la hospitali, na mhudumu achore kwenye karatasi umbo la mtu, mbele na nyuma, aweke makovu yote, upande wake, na mwaka au mwezi wa kila moja. Mchoro huo uende pamoja na picha hadi kwa msomaji. Barua ya kuruhusiwa kutoka hospitalini na picha za eksirei za zamani zina thamani kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, kwa hiyo anayempeleka mgonjwa Kampala amkumbushe kuzibeba, hata kama zimekunjwa na kuchakaa.

Mambo manne lazima yajulikane kwa kila operesheni: nini kiliondolewa, nini kiliunganishwa na nini, nini kiliachwa ndani, na lini.

Hatua ya pili: chagua tarehe

Nusu ya nguvu ya teknishiamu-99m huisha kila baada ya saa 6, na molibdenamu-99 inayoizalisha hupungua nusu kila baada ya takriban saa 66. Chombo cha kuizalisha huagizwa kutoka nje ya nchi, kwa hiyo kitengo hakina dawa ya kuchezea, na tarehe ya miadi hupangwa kwa kuzingatia nguvu iliyobaki. Hata hivyo skani iliyofanywa mapema mno ni hasara kubwa kuliko siku iliyokosa mgonjwa.

Anayepelekwa Nairobi kwa skani ya PET, inayoonyesha mahali ambapo mwili unatumia sukari yenye mionzi kwa wingi, na ambako kamera hizo zipo katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kwa kawaida asubiri wiki 6 hivi baada ya upasuaji mkubwa, iwapo lengo ni kutafuta saratani iliyobaki. Sukari yenye florini-18 huliwa kwa pupa na chembe za kidonda kinachopona, na mstari wa mshono wa tumbo unaweza kung'aa kuliko uvimbe. Aliyefanyiwa pia tiba ya mionzi asubiri zaidi, wiki 8 hadi 12. Kuna jambo moja lisilotii kalenda: aliyewekewa unga wa talki kifuani ili kuzuia maji yasirudi anaweza kuonyesha mng'ao kwenye utando wa pafu kwa miaka mingi, bila saratani yoyote.

Skani ya mifupa kwa mwenye nyonga bandia inahitaji subira ya aina nyingine. Iliyofungwa kwa saruji ya mifupa hutulia mara nyingi kati ya miezi 6 na 12. Ile isiyo na saruji, ambayo mfupa hutakiwa kuota na kuishika, inaweza kuendelea kung'aa hadi miaka 2 au zaidi. Goti bandia ni gumu kuliko yote, kwa sababu mng'ao wake unaweza kudumu miaka ilhali mgonjwa anatembea bila maumivu. Skani moja ya goti bandia bila picha ya awali ya kulinganisha mara chache humsaidia daktari kuamua, na ni afadhali aambiwe hivyo kabla ya mgonjwa kulipa nauli.

Chembe nyeupe za damu zilizotiwa alama ili kutafuta usaha zitajikusanya kwenye kidonda kipya, kuzunguka tundu la mfuko wa haja na kuzunguka mirija, hasa katika wiki 2 za mwanzo. Mng'ao hafifu unaofuata mstari wa ngozi ni wa kutarajiwa. Unaozama ndani na kuongezeka kutoka picha ya mwanzo hadi ya baadaye unatia shaka.

Turudi kwa mwanamume mwenye saratani ya tezi dume aliyeondolewa korodani. Homoni ya kiume ikikatika, saratani iliyo kwenye mifupa hurudi nyuma na mfupa huanza kujikarabati, na ukarabati huo huvuta dawa. Skani iliyofanywa ndani ya miezi 3 ya mwanzo inaweza kuonyesha madoa makali kuliko ya awali, hata mapya, wakati mgonjwa anapata nafuu na kipimo cha damu cha tezi dume kinashuka. Asiyejua tarehe ya operesheni atasema tiba imeshindwa. Ndiyo maana kanuni inayotumika katika utafiti wa saratani hiyo haikubali kwamba ugonjwa umeendelea kwa sababu ya madoa mapya 2 ya skani ya kwanza baada ya tiba, mpaka skani inayofuata ionyeshe mengine 2 mapya juu ya hayo.

Kuna hali ambazo kusubiri ni kosa. Nyongo ikivuja baada ya kifuko kuondolewa, figo iliyopandikizwa ikigoma kutoa mkojo, au ikishukiwa kwamba mrija umeziba, skani hufanyika siku hiyohiyo ikiwezekana. Vilevile kutafuta tezi la kwanza la limfu linalopokea maji kutoka kwenye uvimbe wa ngozi au wa titi hufanywa kabla ya uvimbe kuondolewa kwa upana, kwa sababu baada ya hapo njia za asili zimekwisha katwa.

Hatua ya tatu: chagua mahali pa kudunga

Usidunge mkono wa upande ambao matezi ya kwapa yaliondolewa, wala mkono wenye mshipa uliounganishwa kwa ajili ya kusafishwa damu. Mpira wa kudumu uliowekwa kifuani kwa ajili ya dawa za saratani nao uepukwe ikiwa kuna mshipa mwingine, maana dawa hubaki humo na kung'aa kifuani kama doa la mbavu. Ikilazimu kuutumia, usafishwe kwa maji ya chumvi ya kutosha.

Andika mkono uliodungwa. Dawa ikimwagika nje ya mshipa, husombwa na limfu na tezi la kwapa la upande huo huweza kung'aa, jambo linaloleta wasiwasi usio na sababu kwa mama ambaye tayari ametolewa titi moja.

Kwa watoto waliofanyiwa upasuaji wa moyo, mahali pa sindano ni suala la msingi kabisa. Mtoto ambaye mshipa mkuu wa juu umeunganishwa moja kwa moja na mshipa unaopeleka damu mapafuni, akidungwa mkononi chembe za albumini (protini yenye mionzi inayonasa kwenye mishipa midogo), chembe hizo zitakwenda mapafuni. Akidungwa mguuni, damu ya chini inapita moyoni kwenda mwilini, na chembe zitanasa kwenye ubongo na figo. Picha zote mbili ni sahihi, lakini asiyejua mchoro wa operesheni atazisoma zote mbili vibaya. Wagonjwa wa Taasisi ya Moyo ya Uganda waje na mchoro huo. Aliyeondolewa pafu moja, au mwenye njia inayovusha damu kutoka upande wa kulia kwenda kushoto, apunguziwe idadi ya chembe: badala ya 200,000 hadi 700,000 za kawaida, zitumike karibu 100,000 hadi 200,000, ili mishipa midogo isizibwe bila sababu.

Hatua ya nne: piga picha kwa kuzingatia mwili uliobadilika

Kabla ya kamera kusogezwa, mgonjwa akojoe na abadilishe nguo ya ndani iliyolowa. Mfuko wa mkojo umwagwe na uwekwe mbali na nyonga, si kulazwa juu ya paja. Karibu nusu ya dawa ya mifupa hutoka kwa mkojo, na tone moja kwenye bandeji linaweza kutengeneza doa ambalo litaandikwa kwenye ripoti. Ukiwa na shaka, futa ngozi, ondoa bandeji kwa ruhusa ya muuguzi wa wodi, piga tena. Doa lililohama au kutoweka halikuwa la mfupa.

Mifuko ya mirija ya tumboni yenyewe ipigwe picha. Baada ya upasuaji wa nyongo, dawa yote inayovuja yaweza kuwa imeishia kwenye mfuko ulioning'inia kando ya kitanda, nje ya uwanja wa kamera, huku picha ya tumbo ikionekana safi.

Figo iliyopandikizwa hukaa mbele, chini ya tumbo upande mmoja, kwa hiyo kamera huwekwa mbele. Kuiweka mgongoni kwa mazoea ni kupiga picha ya mfupa wa nyonga. Mwenye chuma apigwe picha za pembeni na za mshazari. Katika PET, kompyuta hutumia picha ya CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka) kurekebisha mionzi iliyofyonzwa, na chuma huidanganya, ikaongeza mng'ao pembeni mwa nyonga bandia. Picha isiyorekebishwa ikaguliwe kabla ya kuita mng'ao huo maambukizi.

Hatua ya tano: soma kila kiungo kwa historia yake

Mifupa ndiyo inayotuletea kazi nyingi, na humo umbo la mng'ao husema mengi kuliko ukali wake. Fuvu lililofunguliwa huacha duara kwenye kingo za kipande kilichorudishwa, na duara hilo linaweza kudumu miezi mingi au miaka. Kifua kilichofunguliwa kwa upasuaji wa moyo huacha mstari wima katikati. Jino lililong'olewa huacha doa la taya. Mfupa uliochotwa kwenye ukingo wa nyonga ili kupandikizwa kwingine huacha pengo au mng'ao pale ulipotoka, na asiyejua ataandika kwamba kuna uharibifu. Upande uliotolewa titi, mbavu huonekana kung'aa zaidi kwa sababu hakuna nyama ya kuzuia mionzi, si kwa sababu zina ugonjwa. Anayechechemea kwa sababu ya mguu ulioungwa atabebesha uzito mguu mwingine, na goti au kifundo cha upande mzima ndicho kitakachowaka.

Mbavu zinahitaji tahadhari ya pekee. Tunafundishwa kwamba doa dogo la duara, hasa yakiwa kadhaa yamepangana ubavu juu ya ubavu, huelekea kuwa mivunjiko, na kwamba mng'ao mrefu unaofuata ubavu huelekea kuwa saratani. Kanuni hiyo ni nzuri mpaka ukutane na mtu aliyefunguliwa kifua. Vyombo vya kupanulia kifua husugua na kubandua ngozi ya mfupa, na ubavu huitikia kwa mng'ao mrefu uleule. Linganisha ubavu unaowaka na kovu lililochorwa kwenye karatasi. Vikiwa pamoja, subiri. Vikiwa mbali, usitumie operesheni kama kisingizio cha kupuuza doa.

Mfupa uliopandikizwa pamoja na mishipa yake ya damu unatakiwa kung'aa katika wiki ya kwanza. Ukibaki baridi, kuna hofu kwamba mishipa imeziba. Uliopandikizwa bila mishipa huwa baridi mwanzoni, na hilo ni jambo la kawaida. Hapa msomaji asipojua aina ya upandikizaji hana cha kusema.

Kwa nyonga bandia yenye maumivu, skani isiyo na mng'ao ina nguvu kubwa ya kuondoa shaka ya kulegea au maambukizi. Yenye mng'ao ina nguvu ndogo. Katika hali hiyo chembe nyeupe hutumika, lakini kuna mtego: chembe hizo hupenda uboho, na chuma kinapopigiliwa ndani ya paja huusogeza uboho mahali pasipo pake. Dawa yake ni kufanya skani ya pili kwa koloidi, inayofuata uboho na kuepuka usaha. Dawa zote mbili zikilingana, ni uboho. Chembe nyeupe zikiwaka mahali ambapo koloidi haipo, ni maambukizi.

Nyongo huhitaji subira na wakati. Mgonjwa awe amekaa angalau saa 6 bila mofini wala pethidini, la sivyo kuchelewa kwa dawa kuingia utumboni kutafanana na kuziba. Tafuta dawa inayojikusanya pale kilipokuwa kifuko, kisha ikateremka kando ya utumbo wa kulia. Ikiwa saa ya kwanza haijajibu, piga tena baada ya saa 2 hadi 4, na hata siku ya pili, ukimgeuza mgonjwa ubavu ili majimaji yasogee. Aliyeunganishwa njia ya nyongo moja kwa moja na utumbo ataonyesha dawa mahali pasipo pa kawaida, na kitanzi cha utumbo kilichojaa dawa kinaweza kudhaniwa ni uvujaji. Tofauti ni kwamba ya utumboni huendelea kusogea mbele.

Figo iliyopandikizwa siku za mwanzo inaweza kupata damu vizuri, ikachukua dawa, lakini isiitoe: huo ndio mwonekano wa figo iliyochoka kwa kukaa bila damu, na mara nyingi hupona. Figo isiyopata damu kabisa huwa pengo tupu, na hiyo ni simu ya dharura kwa daktari wa upasuaji kabla hata mgonjwa hajashuka kitandani. Mng'ao unaokua nje ya kibofu kadiri muda unavyokwenda ni mkojo unaovuja.

Tezi ya thairoidi ikiondolewa kwa sababu ya saratani, karibu kila mara kipande kidogo hubaki, na kipande hicho hupora iodini yenye mionzi inayotumika katika skani. Kikiwa kikubwa, huangaza kwa miale kama nyota na kuficha matezi ya jirani yenye ugonjwa. Ili iodini ichukuliwe vizuri, homoni inayoichochea tezi (TSH) inatakiwa kupanda juu ya 30 mIU/L, jambo linalohitaji wiki 3 hadi 4 bila vidonge vya thairoksini. Aliyefanyiwa CT yenye dawa ya iodini asubiri wiki 4 hadi 8, na ulizia kama kidonda kinasafishwa kwa povidoni-iodini, ambayo nayo ina iodini. Kwa wiki 1 hadi 2 mgonjwa apunguze iodini ya chakula. Chumvi ya madukani Uganda huongezwa iodini kisheria, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuachwa, wakati samaki wa maji baridi kama ngege na sangara, wakipikwa bila chumvi hiyo, hawana shida ya wale wa baharini.

Matezi ya limfu baada ya kwapa kusafishwa hutafuta njia nyingine: ndani ya kifua kando ya mfupa wa katikati, juu ya mtulinga, au kwapa la upande wa pili. Uwanja wa kamera uwe mpana kiasi cha kuyaona yote.

Aliyepasuka wengu katika ajali anaweza kuwa na vipande vyake vilivyoota tumboni. Vinachukua koloidi, na hata dawa za kutafuta uvimbe wa homoni, vikafanana na saratani iliyosambaa. Chembe nyekundu za damu zilizopashwa moto kidogo na kutiwa teknishiamu humaliza ubishi, kwa sababu ni tishu ya wengu inayozinasa kwa nguvu.

Moyo uliofanyiwa upasuaji wa mishipa una kioja chake kidogo: ukuta wa katikati husogea kinyume ingawa unapata damu na kunenepa vizuri wakati wa pigo. Usiuite ukuta uliokufa.

Hatua ya sita: andika ripoti itakayotumika tena

Mstari wa kwanza wa ripoti utaje operesheni na tarehe yake, kisha dawa, kiasi, mkono uliodungwa na muda kutoka sindano hadi picha. Mng'ao unaoelezwa na upasuaji utajwe na kuelezwa, usiachwe kimya, kwa sababu msomaji wa Gulu au Mbarara ataiona picha hiyohiyo na kushtuka. Pale ambapo uponyaji na ugonjwa haviwezi kutenganishwa, andika hivyo wazi na upendekeze tarehe ya kurudia, kwa mfano miezi 3 baadaye kwa mzee aliyeondolewa korodani, au kipimo kingine kitakachojibu mapema zaidi.

Nakala ya ripoti na picha apewe mgonjwa mwenyewe pamoja na ule mchoro wa makovu, ndani ya bahasha moja, na aambiwe kwa lugha anayoielewa kwamba bahasha hiyo ndiyo ya kwanza kuonyeshwa siku atakaporudi kwa skani nyingine, iwe Kampala au Nairobi.